Lenzi za Rangi kwenye Vumbi la Makaa

Ukitoka Songea kwenda Mbinga, ukifika Kitai kuna njia inayochepuka, inapita Ruanda na kuteremka mpaka Lituhi kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa. Ruanda hii ni kata ya wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, ingawa wageni huichanganya na ile nchi yenye mji wa Kigali. Ndani ya kata hii kimo kijiji cha Ntunduwaro, na huko ndiko yanakochimbwa makaa ya mawe ya Ngaka tangu mwaka 2011. Malori huyasomba, mengine mpaka bandari ya Mtwara. Kiangazi kikikolea, kila lori huacha nyuma yake vumbi la namna mbili, jekundu la udongo na jeusi la makaa. Vumbi hilo hutua juu ya migomba, juu ya kahawa iliyoanikwa, juu ya nguo kwenye kamba, na ndani ya macho ya watu.

Nimeanza na vumbi kwa makusudi. Swali la namna ya kuchagua lenzi za rangi, hizi za kuvaa juu ya jicho ili jeusi lionekane la asali, la kijivu au la buluu, limezoea kujibiwa mjini. Wanaolijibu ni wapambaji na wauza vipodozi wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, na majibu yao yote ni ya rangi: wa maji ya kunde avae hivi, mweusi tii avae vile. Lakini bidhaa imekwisha kusafiri. Msichana wa Ruanda anayeolewa mwezi wa Agosti, kahawa ikivunwa na fedha ikianza kuonekana, anaweza kumwandikia muuzaji wa Kariakoo kwa simu, akalipa kwa simu hiyo hiyo, na mzigo ukapandishwa basi la Songea. Katika mazungumzo yao yote ataulizwa jambo moja tu: "Unataka rangi gani, dada?"

Mimi naamini hilo ni swali la mwisho. Yapo maswali manne yanayolitangulia: jicho lina kipimo gani, hewa ya pale ikoje, maji yakoje, na mtaalamu wa macho yuko umbali gani. Kwa mtu wa Masaki, Dar es Salaam, maswali hayo yana majibu mepesi. Kwa mtu wa Ruanda ndiyo yanayoamua.

Hata hivyo kila mtu huanza na rangi, basi na mimi nianzie hapo.

Katikati ya jicho kuna tundu jeusi, ndiyo mboni. Duara linaloizunguka, ambalo wataalamu huliita airisi, ndilo lenye rangi, na rangi yake hutokana na melanini, ile ile inayotia weusi kwenye ngozi na nywele. Macho yetu wengi yana melanini tele, ndiyo maana ni ya kahawia iliyokoza hata yakaitwa meusi. Jicho la buluu halina rangi ya buluu hata chembe. Lina melanini kidogo tu, na mwanga unapotawanyika kwenye nyuzi za airisi, kinachorudi ni buluu, kama anga inavyoonekana ya buluu ilhali hewa haina rangi. Kwa hiyo mtu anayetaka jicho la buluu anatamani upungufu wa kitu, na upungufu hauwezi kuongezwa juu ya jicho lililojaa. Ukilivika jicho jeusi lenzi yenye rangi nyepesi inayopitisha mwanga, ni sawa na kumwagia chai juu ya mkaa: mkaa utabaki mkaa.

Lenzi inayoweza kubadili sura ya jicho jeusi lazima iwe imechapwa vitone vizito visivyopitisha mwanga, vikafunika airisi na kuacha tundu wazi katikati. Ufundi huo si wa zamani sana. Lenzi moja ya mwanzo kabisa ya kuvaliwa juu ya jicho ilikuwa ya kioo, kazi ya Adolf Fick, daktari wa Kijerumani aliyekuwa Zürich, aliyeitangaza mwaka 1888. Lenzi laini tunazozijua leo alizipata Otto Wichterle wa Czechoslovakia mwishoni mwa mwaka 1961, kwa mashine aliyoiunga nyumbani kwake kutokana na vyuma vya kuchezea watoto na dinamo ya baiskeli. Nampenda mtu huyu. Fundi yeyote wa Mbinga aliyewahi kufufua redio kwa vipande vya redio nyingine angemwelewa mara moja. Vitone vizito vya kubadili jicho jeusi vilifika sokoni miaka ya 1980, Marekani.

Tangu hapo ubora wa uchapaji umekuwa ndio tofauti kubwa kati ya lenzi na lenzi. Jicho la kweli halina rangi moja. Lina mistari inayotoka kwenye mboni kwenda nje, lina madoa, na ukingoni lina pete iliyokoza kidogo. Lenzi duni huchapwa rangi moja yenye ukingo mkali, na aliyeivaa huonekana ana macho ya sanamu. Lenzi nzuri huchanganya rangi mbili tatu, na vitone vyake huyeyuka kuelekea katikati ili kahawia ya jicho lenyewe iungane navyo. Hapo ndipo ninapokubaliana na wapambaji: kwa macho meusi, asali, hudhurungi na kijivu kilichokoza huungana vizuri, kwa sababu rangi hizi ni ndugu wa kahawia. Buluu na kijani hazina undugu huo. Kati ya rangi bandia na mboni hubaki pete ya kahawia inayoonekana waziwazi, na udanganyifu unafichuka kwa yeyote anayekaa karibu. Picha za muuzaji hazitakuonyesha hayo, maana zimepigwa chini ya taa kali, mboni ikiwa imebana na rangi imeng'arishwa kwa programu ya simu. Rangi ya lenzi ihukumiwe nje, saa nne asubuhi, na mtu asiye na haja ya kukusifu.

Tundu lile la katikati ya lenzi lina habari yake nyingine. Kipimo chake hakibadiliki, ilhali mboni hupanuka gizani ili ipokee mwanga zaidi. Usiku mboni ya kijana inaweza kupanuka kuliko tundu la lenzi, na hapo vitone vya rangi huingia njiani mwa kuona. Taa za mbele huwa na ukungu, na pembeni panafifia. Sasa mfikirie dereva wa bodaboda kwenye njia ya Kitai, lori la makaa likimjia na vumbi likiwa limetanda mbele ya taa. Mwenye lenzi za rangi asishike usukani usiku. Hili halina mjadala.

Tuje kwenye kipimo. Mtu anayeona vizuri huambiwa, "Wewe chukua namba sifuri, huhitaji kupimwa." Namba hiyo ni ya nguvu ya kuona tu. Lenzi ina vipimo vingine viwili vinavyoandikwa kwenye pakiti: mkunjo wa mgongo wake, ambao mara nyingi ni milimita 8.6 au karibu na hapo, na kipenyo, ambacho kwa lenzi laini ni kama milimita 14 hadi 14.5. Lenzi hukaa juu ya kioo cha jicho, ule utando angavu ulio mbele ya airisi, na vioo hivyo hupishana mkunjo baina ya mtu na mtu, hata kwa ndugu wa tumbo moja. Mtindo uliotoka Korea na Japani wa lenzi pana zinazofanya jicho lionekane kubwa kama la mwanasesere umesukuma kipenyo na eneo la rangi mbele zaidi, na kadiri lenzi inavyopanuka ndivyo kosa la mkunjo linavyozidi kuumiza. La hatari hapa ni kwamba jicho halilalamiki mapema. Kiatu kinachobana utakivua njiani. Lenzi inayobana huweza kutulia vizuri saa za mwanzo kuliko iliyolegea, kwa kuwa haitembei. Lakini lenzi isiyotembea haibadilishi machozi yaliyo chini yake, na uchafu ulionaswa hapo unabaki hapo.

Kupimwa maana yake ni mtaalamu kukuvalisha lenzi ya majaribio, kukusubirisha, kisha kuiangalia kwa darubini ya macho kama inasogea unapopepesa. Ni kazi ya nusu saa au zaidi kidogo. Na katika nusu saa hiyo, kijana ambaye pengine hajawahi kupimwa macho tangu azaliwe anaweza kugundulika haoni mbali, au machozi yake ni haba, au kioo cha jicho lake kimechongoka. Kwa mkoa ambao watu wengi hufika kliniki ya macho wakiwa na mtoto wa jicho au presha ya macho iliyokwisha kuharibu, hata harusi ikiwa ndiyo kisingizio cha kupimwa, mimi nakiunga mkono kisingizio hicho.

Kioo cha jicho hakina mishipa ya damu. Lau kingekuwa nayo tusingeona kupitia kwake. Kwa hiyo oksijeni hukifikia moja kwa moja kutoka hewani kupitia machozi, na lenzi ni mfuniko juu ya pua ya kiumbe huyo. Mwaka 1984 watafiti Holden na Mertz walitoa vipimo vinavyotumika mpaka leo: lenzi ya kuvaa mchana ipitishe oksijeni kwa kiwango kisichopungua 24 katika kipimo cha wataalamu, na ya kulalia isipungue 87. Lenzi nyingi za rangi za bei nafuu hutengenezwa kwa haidrojeli ya kizamani, ambayo haikaribii kabisa hicho kiwango cha kulalia. Zile za silikoni haidrojeli hupitisha hewa zaidi, na ukiwa na uwezo ndizo za kuulizia. Jicho linalokosa hewa siku baada ya siku huanza kuwa jekundu ukingoni, kisha mishipa midogo ya damu huanza kutambaa kuelekea kwenye kioo ambacho hakikuumbwa kuwa nayo. Mvaaji huona wekundu tu, akanunua matone ya kung'arisha macho, akaendelea kuvaa.

Kuhusu muda, pakiti husema lenzi ni ya siku moja, ya wiki mbili, ya mwezi au ya mwaka. Hesabu ya sokoni humvuta mtu kwenye ya mwaka, kwa kuwa ukiigawa bei kwa siku 365 inakuwa kama bure. Kwa mtu wa Ruanda hesabu hiyo nadhani imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Lenzi ya mwaka inahitaji dawa yake ya kusafishia kila inapovuliwa. Chupa ya dawa hiyo ikifunguliwa kwa kawaida hutumika kwa miezi mitatu tu, kikasha cha kuhifadhia nacho hubadilishwa kila baada ya muda kama huo, na dawa yenyewe haipatikani kwenye duka la kawaida la kijijini. Ikimwishia mtu, atatafuta mbadala. Kuna wanaotumia maji ya chupa, kuna wanaolowesha kwa mate. Na hata dawa halisi si kinga kamili: mwaka 2006 dawa moja maarufu ya kusafishia lenzi iliondolewa sokoni duniani kote baada ya wavaaji wa Singapore, Hong Kong na Marekani kupatwa na vidonda vya macho vya fangasi aitwaye Fusariamu. Hao walikuwa watu wenye mabomba safi na maduka ya dawa kila kona.

Fangasi huyo ni mkazi wa udongo na majani. Wakulima wa nchi za joto humpata jani la mhindi linapowachapa jichoni au tawi la mbuni linaporudi kwa nguvu. Vumbi la njiani nalo lina makali yake: chembe ikinaswa chini ya lenzi, kila kupepesa ni kukwaruza, na mkwaruzo ndio mlango wa vijidudu. Kwa sababu hizo, ikiwa mtu wa huku ameamua kuvaa, nasema achukue za siku moja, avae siku hiyo, azivue, basi. Ni ghali kwa siku, lakini hazihitaji chupa wala kikasha cha miezi, na hazipati nafasi ya kuzeeka na uchafu.

Maji ndiyo sura inayosahaulika kuliko zote. Ziwa Nyasa ni zuri, na mtu wa Lituhi au Mbamba Bay hawezi kuambiwa aliogope. Lakini lenzi na maji yasiyo dawa ni maadui, yawe ya ziwa, ya mto, ya kisima, ya bomba au ya mvua. Katika maji hayo huishi kiumbe kidogo, akantamiba, ambaye hamdhuru anayeoga kwa macho yake matupu mara nyingi, lakini akinaswa kati ya lenzi na kioo cha jicho anaweza kukitafuna kwa wiki na miezi, kwa maumivu makali, na tiba yake ni ndefu hata katika hospitali kubwa za dunia. Kuchemsha maji hakuyageuzi kuwa dawa ya lenzi, kwa kuwa maji matupu huifanya lenzi laini ivimbe na kung'ang'ania jicho. Basi mwenye lenzi asiogelee, asioge uso, na anayetawadha kwa ajili ya sala azivue kwanza. Atakayesema hilo ni gumu kwa siku nzima atakuwa amesema kweli, na ugumu huo ni sehemu ya jibu la kama lenzi zinamfaa.

Jikoni kuna moshi wa kuni, na mikononi kuna pilipili, chumvi ya dagaa na dawa ya kupulizia kahawa. Sina haja ya kurefusha.

Lakini kuna desturi moja inayonitia hofu kuliko moshi: kuazimana. Mpambaji ana jozi moja ya kijivu ndani ya boksi lake la vipodozi, na jozi hiyo imekwisha kwenda kwenye harusi nyingi, jicho la bibi harusi huyu mpaka la yule. Au wasimamizi wawili wanabadilishana kwa ajili ya picha. Januari 2024 Wizara ya Afya ililazimika kutoa tahadhari kwa sababu ya mlipuko wa macho mekundu ulioanzia Dar es Salaam. Ugonjwa ule ulipita kwa mkono uliogusa jicho na kugusa mkono mwingine. Lenzi ya kuazima haihitaji hata mkono, inabeba machozi ya mtu moja kwa moja.

Hatari ya kidonda cha kioo cha jicho kwa mvaaji wa lenzi ni kubwa kiasi gani? Kwa anayevaa lenzi laini mchana tu na kuzivua usiku, utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1989 ulihesabu vidonda vya kioo cha jicho kama 4 kwa kila wavaaji 10,000 kwa mwaka. Kwa waliolala nazo, vilikuwa kama 21. Hao walikuwa wamepimwa na kufundishwa. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2011 ulipowaangalia wavaaji wa lenzi za urembo zisizo na namba, hatari ya kidonda ilionekana kuzidi mara 16. Nadhani tofauti hiyo haitokani na wino. Inatokana na namna lenzi hizo zinavyonunuliwa: bila kipimo, bila maelekezo, bila mtu wa kumrudia.

Na hapa umbali unaingia. Kuna kijidudu kiitwacho sudomonasi kinachoweza kutoboa kioo cha jicho ndani ya siku chache. Mtu wa Ruanda jicho likimwuma Jumapili usiku, Jumatatu atangoja lipoe, Jumanne ataenda duka la dawa, na huko atapewa matone. Yakiwa na steroidi ndani yake, wekundu utapungua upesi na fangasi atanenepa kwa utulivu. Jumatano jirani mwenye huruma ataleta majani. Yorston na Foster, madaktari wa macho waliochapisha utafiti wao wa Tanzania mwaka 1994, walikuta kwamba karibu robo ya wagonjwa wa vidonda vya kioo cha jicho walikuwa wametumia dawa za kienyeji jichoni. Simlaumu jirani. Ameleta alichonacho, na hospitali haiko nyuma ya nyumba. Hospitali zipo Mbinga, ipo ya misheni Litembo, na ya rufaa ya mkoa iko Songea, karibu kilomita 100 kutoka Mbinga. Natamisini, tone linalotibu fangasi wa jicho, Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017 tu, na kuwa kwenye orodha hakujaifikisha kila kliniki ya vijijini Afrika.

Sheria zimejaribu kuziba pengo hili. Marekani iliamua mwaka 2005 kwamba lenzi zote, hata za urembo zisizo na namba, ni vifaa tiba na haziuzwi bila cheti cha mtaalamu. Uingereza nayo inataka ziuzwe chini ya usimamizi wa mtaalamu aliyesajiliwa. Tanzania ina Sheria ya Optometria ya mwaka 2007 na baraza lake, na tangu 2019 mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, imebeba vifaa tiba hata kwenye jina lake. Wataalamu wa optometria wamekuwa wakifundishwa KCMC, Moshi, kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni mkono wa kufika kwenye ukurasa wa Instagramu na kwenye kabati la saluni, ambako lenzi zimepangwa kati ya kope za bandia na lipstiki kana kwamba ni jamaa moja. Kope bandia ikiharibika unaing'oa. Kioo cha jicho kikipata kovu, kovu hilo ni la maisha.

Nimesema mengi ya hatari, na msomaji anaweza kudhani nadharau tamaa yenyewe. Sidharau. Binadamu amepamba jicho tangu zamani, na wanja wa pwani yetu ni ushahidi. Ila inanigusa kwamba Kiswahili kilipolisifu jicho hakikusifu rangi yake. Kilisifu weupe wake, ukubwa wake, na zaidi ya yote namna linavyotazama: jicho la kurembua, jicho legevu kama lililokula kungu. Uzuri ulikuwa katika mtazamo. Jicho lenye rangi hafifu lilipoonekana liliitwa la paka, na neno hilo halikuwa sifa. Tamaa ya jicho la kijivu imekuja na televisheni, na filamu, na simu. Toni Morrison wa Marekani aliandika riwaya iitwayo The Bluest Eye mwaka 1970 kuhusu mtoto mweusi aliyeamini angependwa kama angekuwa na macho ya buluu. Sisemi kila anayevaa lenzi ni mtoto yule. Wengi huvaa kama wanavyosuka rasta za rangi, kwa furaha, na kesho wanafumua. Lakini ningemwomba msichana ajiulize kwa utulivu kama anaongeza pambo au anaficha kitu ambacho mtu amemwambia ni kasoro.

Kwa maana nchi hii inajua gharama ya kusoma tabia ya mtu kwenye rangi ya macho yake. Usukumani, bibi wazee wameuawa wakiitwa wachawi kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, wekundu uliotokana na miaka ya kupikia kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi. Watu wenye ualbino, ambao macho yao hafifu hayahimili jua, wamewindwa kama wanyama. Na wapo watoto weusi wanaozaliwa na macho ya buluu kweli kweli, ambao picha zao husambazwa mtandaoni kwa mshangao. Mara nyingi hali hiyo ni ya kurithi, iitwayo sindromu ya Waardenburg, na inaweza kuambatana na uziwi. Mzazi wa mtoto kama huyo aache kumpiga picha, ampeleke apimwe masikio.

Na wapo ambao lenzi ya rangi kwao ni tiba hasa. Mtoto aliyepata chamba, lile kovu jeupe la jicho, kwa surua, kwa upungufu wa vitamini A, kwa jani au kwa dawa ya kienyeji, hukua akiinamisha kichwa ili watu wasimwone upande ule. Shuleni huitwa kwa jicho lake kabla ya jina lake. Lenzi iliyopakwa kahawia kufuata jicho zima la pili, ikiwa na mboni nyeusi katikati, hulifunika kovu lile. Haimrudishii kuona, lakini humrudishia uso. Kwa mwenye ualbino, lenzi yenye airisi nzito na tundu dogo inaweza kupunguza mwanga unaomchoma, ikichaguliwa na mtaalamu sambamba na kofia na miwani. Hizi ndizo lenzi za rangi ambazo ningependa kuona fedha za umma na za wahisani zikizifuata mpaka Ruvuma, na ni hizi ambazo hakuna anayezitangaza, kwa kuwa hazina msimu wa harusi.

Nirudi kwa yule bibi harusi wa Agosti. Akinisikiliza, atakwenda kwa mtaalamu wa macho wiki kadhaa kabla, iwe Songea au Dar es Salaam siku ya kufuata shela, apimwe, ajaribishwe, ajifunze kuvaa na kuvua kwa mikono yake. Atachukua za siku moja, asali au hudhurungi, jozi mbili ili moja ikichanika asihangaike. Asubuhi ya harusi atanawa mikono kwa sabuni na kuikausha kwa kitambaa kisafi, avae lenzi kwanza, ndipo poda na wanja vifuate. Vioo vya gari vifungwe kutoka nyumbani mpaka kanisani. Matroni abebe mkoba mdogo wenye kikasha kipya, chupa ya dawa ya lenzi na machozi ya bandia. Misa ikiisha na picha zikipigwa, kabla ya ngoma kuanza na moto wa nyama kuwashwa, aingie chumbani azivue. Usiku huo zisitupwe. Zikae ndani ya kikasha mpaka asubuhi. Jicho likiamka jeupe na tulivu, zitupwe. Likiamka jekundu, linauma au linakimbia mwanga, safari ya hospitali ianze kabla ya chai, na kikasha kiende naye, kwa sababu maabara inaweza kukipata kwenye lenzi kile kijidudu ambacho daktari anakitafuta kwenye jicho.